Waachieni Dhahabu Yao

Kila msimulizi mpya wa Dungeons & Dragons hufundishwa sheria moja kabla hajazoea hata kuzisoma dadu zake: wachezaji wa ngazi ya chini usiwape mali nyingi. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza apate vijisarafu vya fedha, kamba, pengine upanga wenye kutu. Akifika ngazi ya tano ndipo habari za dhahabu zianze. Na ikitokea ajali, dadu zikaanguka zilivyoanguka na wahusika wanne wasio na mbele wala nyuma wakajikuta wamesimama juu ya sarafu elfu ishirini, dawa ipo na kila mkongwe anaijua: watumie wezi usiku. Wezi wasipofaa, mtoza ushuru. Mtoza ushuru asipofaa, jahazi lizame.

Naipinga sheria hiyo, na dawa yake naipinga zaidi.

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo mafupi yatatosha. Watu wachache huketi mezani. Mmoja, msimulizi, huujenga ulimwengu na kuwasemea wote waliomo, kuanzia mfalme hadi mwuza samaki. Waliobaki kila mmoja anashika mhusika wake: mpiganaji, mchawi, kuhani, mwizi. Mhusika huanza akiwa dhaifu, hupanda ngazi kadiri anavyokusanya pointi za uzoefu, na pale ambapo maneno hayaamui, dadu huamua.

Kejeli dhidi ya msimulizi mkarimu ina umri karibu sawa na mchezo wenyewe. Huitwa Monty Haul, kwa kumchezea jina Monty Hall, Mkanada aliyeendesha kipindi cha televisheni cha Let's Make a Deal huko Marekani kuanzia 1963, ambamo watu wa kawaida walijinyakulia magari kwa kuchagua pazia la kufunguliwa. Mchezo ulichapishwa 1974. Kufikia 1976 Tim Kask, mhariri wa TSR, kampuni iliyouchapisha, aliandika katika dibaji ya Gods, Demi-gods & Heroes kwamba kitabu kile ni jaribio lao la mwisho la kuwafikia wasimulizi wa namna hiyo. Lakini someni alichokuwa akikilalamikia. Hasira yake ilikuwa juu ya wahusika wa ngazi ya arobaini na kwenda juu, watu waliokwisha kuwapiga miungu na kuwapora fimbo zao. Huyu maskini wa ngazi ya kwanza mwenye kasha lake moja hakuwa katika kesi ile. Ameingizwa baadaye, na waendesha mashtaka wengine kabisa.

Nadhani wamemwingiza kwa sababu methali inawapa nguvu. Maskini akipata, matako hulia mbwata. Tunaamini mnyonge akiguswa na mali ataharibika, tunaamini hivyo mtaani na tunaibeba imani hiyo hadi mezani, kisha tunaiita usawa wa mchezo.

Basi tuuhesabu huo usawa. Chukueni toleo la 2014, ambalo wengi wa mnaonibishia ndilo mlilojifunzia. Mpiganaji anaweza kuanza na deraya ya minyororo, kinga yake 16. Mpeni sarafu elfu ishirini. Atakimbilia deraya kamili ya mabamba ya chuma, sarafu 1,500, kinga 18. Tofauti ni pointi mbili kwenye dadu ya pande ishirini, maana yake katika mapigo ishirini anayorushiwa, mawili yaliyokuwa yampate sasa yanampita. Ni afadhali. Hajawa Samsoni. Mchawi ndiye hana kabisa la kujivunia: jana alikuwa na pointi sita au saba za uhai, na leo, akiwa tajiri kuliko diwani wa mji, bado ni sita au saba. Mshale hauulizi salio. Mnaniambia atanunua dawa za kuponya, sarafu 50 chupa, anunue mia. Kwa nani? Kijiji chenye mpika dawa mmoja na chupa tatu kwenye rafu hakigeuki kiwanda eti kwa sababu mgeni ameingia na gunia.

Hapa ndipo penye kosa la msingi la hoja yenu. Mnachanganya mali na nguvu. Katika ulimwengu wa mchezo dhahabu haina makali wala ncha. Inageuka kitu pale tu mtu mwingine anapokubali kuipokea, na mtu huyo ni nyinyi wasimulizi mnaomsemea. Kila sarafu ya mhusika lazima ipite mikononi mwa mtu wenu kabla haijafanya lolote. Kisha mnasema mmepoteza udhibiti!

Hoja yenu yenye uzito inatoka katika toleo la tatu, la 2000, na nitaitendea haki. Kitabu cha msimulizi cha toleo lile kina jedwali la mali anayotarajiwa kuwa nayo mhusika kwa kila ngazi: sarafu 900 ngazi ya pili, 9,000 ya tano, 49,000 ya kumi, 760,000 ya ishirini. Jedwali hilo halikuwa pambo. Vifaa vya uchawi vilipewa bei kama vitu vya dukani, na madubwana wa ngazi za juu walipimwa kwa kudhani kwamba mpiganaji keshanunua upanga wa kuwakata. Pale dhahabu iligeuka nguvu kweli, na aliyeigawa hovyo aliharibu hesabu za mchezo. Nakubali. Ila kitabu kilekile kina jedwali jingine ambalo wabishi wenzangu hulipita kana kwamba kurasa zake zimegandana: kikomo cha bei kwa kila makazi. Katika kitongoji kidogo kabisa hakuna kitu cha kuuzwa kinachozidi sarafu 40. Kijijini kikomo ni 200, mji mdogo 800, na hadi uingie jiji kubwa ndipo unafika 40,000. Waandishi walioweka mizani ya mali waliweka pia ukuta wa soko. Kijana wa ngazi ya pili mwenye elfu ishirini kule bondeni hana pa kuzipeleka. Akitaka kuzitumia itambidi asafiri, na safari ya mtu mwenye elfu ishirini ni mchezo tosha wa jioni kadhaa.

Kinachonishangaza hata zaidi ni usahaulifu. Mchezo huu ulizaliwa ukiipenda dhahabu. Katika sheria za waasisi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa shimoni, wanakoshuka wahusika kutafuta hazina, ikafikishwa salama ilikuwa pointi moja ya uzoefu. Tazameni kitabu chekundu cha sheria cha Tom Moldvay cha 1981. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili. Goblini mmoja akiuawa huleta pointi 5, na hizo hugawanywa kwa kundi zima. Mwenye akili alikuwa hapigani na goblini. Alimzunguka, akamhonga, akapita dirishani, akachukua kasha na kutoka. Hazina kubwa ilikuwa ndiyo shabaha yenyewe ya kushuka shimoni, na kitabu kiliijibu hofu yenu kwa sentensi moja: hakuna anayepanda zaidi ya ngazi moja kwa safari moja. Hakikutaja wezi wa usiku.

Baadaye uzi ule ukakatwa. Toleo la pili la 1989 lilifanya uzoefu wa dhahabu kuwa jambo la hiari, na la tatu likauondoa. Dhahabu ilipoacha kuwa uzoefu ikabaki kuwa bei ya upanga, na watu waliokulia katika kipindi hicho wakaanza kuitazama kama baruti. Ndiyo chimbuko la sheria mnayonisomea kana kwamba imeandikwa kwenye mbao za Musa.

Gygax naye alihofu, sikatai. Ila dawa zake zilikuwa za namna nyingine. Katika kitabu cha msimulizi cha 1979 aliweka gharama ya maisha ya sarafu 100 kwa mwezi kwa kila ngazi, na ada ya mafunzo ya 1,500 kwa wiki, nayo ikizidishwa kwa ngazi, kabla mhusika hajaruhusiwa kupanda. Mafunzo hayo siyapendi. Ni kizuizi cha barabarani tu, unalipa ili upite. Lakini alikuwa na jambo jingine ambalo kila msimulizi anapaswa kulifufua, nalo ni uzito. Katika sheria zake sarafu kumi ni ratili moja. Elfu ishirini ni ratili elfu mbili, yaani kilo mia tisa na ushee, karibu tani. Hata toleo la 2014 lililoipunguza sarafu hadi hamsini kwa ratili linakuachia zaidi ya kilo 180. Mnahangaika jinsi ya kuwanyang'anya watu mali ambayo bado hawajaweza kuiinua! Nani atabaki kuilinda na nani ataenda kutafuta punda? Huyo mwenye punda ataambiwa anabeba nini? Na wakichukua nusu, nusu iliyobaki itakuwepo wakirudi? Meza inayojadili maswali haya haihitaji dubwana.

Arneson alikwenda mbali zaidi, na kwangu yeye ndiye aliyeona sawasawa. Katika The First Fantasy Campaign, iliyochapishwa na Judges Guild 1977, alieleza jinsi wahusika wa Blackmoor, ulimwengu wake wa mchezo, walivyopata uzoefu kwa kuitumia dhahabu, kila mmoja kwa kadiri ya matamanio yake: mwenye kupenda mvinyo, mwenye dini, mwenye kutafuta sifa, mwenye kulimbikiza. Kuimiliki mali hakukutosha. Iwe imetoka mkononi kwa namna inayoonyesha wewe ni nani. Hiyo ni elimu kubwa kuliko jedwali lolote. Sarafu hamsini humfundisha mchezaji bei ya kamba. Elfu ishirini humlazimisha ajibu mhusika wake anataka nini duniani, swali ambalo wachezaji wengi hufika ngazi ya kumi hawajawahi kuulizwa.

Sasa nije kwenye hao wezi wa usiku.

Mchezaji aliyeibiwa na msimulizi hujua. Mtamdanganya mtoto wa shule ya awali, siyo mtu mzima aliyepanga zamu za ulinzi, akaweka kengele mlangoni, kisha akaambiwa alfajiri kwamba kasha ni tupu na hakuna alama ya mguu. Anajua kuwa aliyemwibia yuko upande wa pili wa meza na anakunywa chai. Tangu hapo anaamini kwamba kila anachokipata ni cha kukopeshwa, na atacheza kama mkopaji: hajengi, haajiri mtu, hana rafiki mjini, anabeba kila kitu mgongoni na kulala na upanga. Halafu msimulizi yuleyule analalamika kwamba wachezaji wa siku hizi hawaujali ulimwengu wake. Waujali wa nini, na umeshawaonyesha kwamba una mlango wa nyuma?

Sisemi mali isipotee. Ipotee, iibiwe, itozwe, ichomwe moto. Kipimo changu ni kimoja: je, jambo hili lingempata mfanyabiashara yeyote wa mji huu mwenye mali kiasi hiki na ulinzi kiasi hiki? Kama wezi wa mji wamekuwa wakimkodolea macho sonara kwa miaka bila kumweza kwa sababu ana walinzi wawili na mbwa, basi na wachezaji wenye walinzi wawili na mbwa wasiwezwe kirahisi. Kama mtawala huchukua sehemu ya kila hazina inayofukuliwa katika ardhi yake, achukue na yao, na wawe walisikia habari hizo kabla, waamue wenyewe kutangaza au kuficha. Mali ikipotea kwa njia hiyo mchezaji atauma meno, atapanga kisasi, atakumbuka. Hatawasusia mchezo.

Simulizi zetu wenyewe zimelijua jambo hili zamani. Askofu Edward Steere alikusanya Unguja ngano alizozichapisha 1870 katika Swahili Tales, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Wengi mmeisikia kwa bibi. Yupo Hamdani, fukara wa kuchakura jaani, anaokota thumni na kununua paa. Paa anajua kusema. Siku moja akiwa malishoni paa anafukua almasi kubwa mno. Huyu ndiye mhusika wa ngazi ya kwanza, na hiyo ndiyo hazina isiyo saizi yake. Tazameni sasa anachowaza yule mnyama. Hampelekei bwana wake. Anapiga hesabu kwamba maskini akishikwa na kito kile ataulizwa amekitoa wapi. Akisema ameokota hawatamsadiki, akisema amepewa hawatamsadiki, na atauawa. Afadhali kito kiende kwa mwenye nguvu, anayeweza kukila bila kuulizwa.

Aliyeitunga ngano ile angekuwa msimulizi wa mezani ningesafiri nikacheze kwake. Hakuhitaji mwizi. Almasi ililindwa dhidi ya Hamdani na umaskini wa Hamdani mwenyewe, na macho ya mji mzima. Kisha paa anafanya kile ambacho kundi lolote la wachezaji wajanja lingefanya. Anaibeba hadi kwa sultani wa mji wa mbali kama salamu za posa kutoka kwa bwana wake, ambaye sasa amepewa jina la Sultani Darai. Kito kinageuka ukwe. Linabaki tatizo la kumfikisha bwana harusi asiye na nguo, nalo paa analimaliza kwa kudai kwamba wanyang'anyi wamemvamia njiani wakamvua kila kitu, na sultani anatuma mavazi. Linabaki tatizo la nyumba ya kumpeleka bi harusi, na hapo anatafutwa nyoka wa vichwa saba mwenye jumba na mali zake, anauawa. Almasi moja imezaa uongo, posa, safari, vita na jumba, na hakuna hata mahali pamoja ambapo msimulizi ameinua mkono kuirudisha. Mwishoni Hamdani anapoteza vyote, akiwa amemtelekeza paa mgonjwa hadi akafa; anazinduka yuko jaani anachakura. Lakini kimemponza kitendo chake mwenyewe, na kila msikilizaji anakiona kinakuja kutoka mbali.

Kwa wenye kupenda ushahidi wa ughaibuni, upo hadharani tangu 1937. The Hobbit ya J.R.R. Tolkien, mmoja wa waandishi ambao mchezo huu uliwakopa bila haya, ni kisa cha vibete kumi na watatu na mwizi wa kuajiriwa asiye na uzoefu wowote, Bilbo Baggins, ambaye mkataba wake unamwahidi sehemu moja ya kumi na nne ya faida. Mwizi huyo ni ngazi ya kwanza kwa kipimo chochote. Wanakwenda kuchukua mojawapo ya hazina kubwa kuliko zote katika fasihi ya Kiingereza, na wanaipata bila kustahili: joka Smaug linauawa na mtu mwingine kabisa, Bard, mpiga upinde wa mji wa ziwani. Kwa sheria yenu hapo ndipo kitabu kingeharibika. Hapo ndipo kinapokomaa. Mji umeungua, Bard anadai fidia. Mfalme wa msituni anakuja na jeshi. Thorin, kiongozi wa vibete, anashikwa na wazimu wa mali na kujifungia mlimani. Bilbo anaiba jiwe la thamani kuliko yote na kuwapa wapinzani ili pawe na suluhu. Majeshi matano yanapigana, Thorin anakufa, na Bilbo anarudi kwao na visanduku viwili vidogo, akute majirani wananadi vyombo vyake wakidhani amekufa. Tolkien angewasikiliza nyinyi angeweka ndani ya mlima sarafu mia mbili na dawa moja ya kuponya, nao wangegawana kwa amani wakaenda zao kulala.

Imebaki hoja ya uvivu, na nakiri hii huwa inasemwa na watu wazuri: mkiwapa mali mapema hawatakuwa na sababu ya kutoka tena. Mtu ana elfu ishirini, vibarua wa kawaida wanalipwa sarafu mbili za fedha kwa siku, yaani anaweza kulipa siku laki moja za kazi. Kwa nini arudi shimoni kuumwa na buibui?

Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mererani aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi zaidi ya bilioni 7.7. Waandishi walipomwuliza atafanya nini, alisema atajenga shule na jengo la biashara kwao Simanjiro, na ng'ombe wake ataendelea kuwachunga. Agosti ya mwaka uleule akauza jiwe la tatu, la kilo 6.3. Ndiyo uvivu huo. Mwenye hamu ya kuchimba hakuacha kuchimba. Kilichoongezeka ni shule ya kujenga, majirani wa kuwatazama usoni, na jina lililojulikana nchi nzima. Oneni pia kwamba soko lilikuwepo kabla ya mawe: mnunuzi alikuwa serikali, na machimbo yenyewe yalikuwa yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24 uliokamilika 2018. Msimulizi anayetaka kujua ulimwengu hufanya nini na hazina asiende mbali.

Mezani ni hivyohivyo. Kundi nililokuwa nikiliendesha liliwahi kupata, likiwa ngazi ya pili, sanduku la mfalme aliyezikwa na vito vyake. Sikugusa hata kimoja. Walinunua nyumba ya wageni iliyokuwa ikifa karibu na kivuko, wakagombana jioni nzima juu ya nani awe mpishi, wakamwajiri mjane mwenye watoto ambaye hakuna aliyekuwa amemtilia maanani hadi siku hiyo. Baada ya hapo sikupata tena shida ya kuwatoa nje. Kila tishio lilikuwa na anwani. Mto ukifurika, kivuko chao. Bwana wa eneo akipandisha ushuru, wageni wao. Zamani niliwahi kuwashawishi wahusika waokoe vijiji kwa kuwaahidi sarafu. Hawa waliokoa kijiji kwa sababu kilikuwa na deni lao la shayiri. Mtu asiye na kitu unaweza kumtisha kwa kifo tu, na wachezaji wameshazoea kufa.

Tena mali kubwa ina njaa. Kitabu cha msimulizi cha 2014 kinataja gharama za kujenga: mnara wenye ngome sarafu 15,000 na siku 100 za ujenzi, ngome ndogo 50,000 na siku 400. Elfu ishirini zilizoonekana kuwa mwisho wa mchezo hazifiki hata kwenye paa la ngome. Aliyeanza kujenga na kuishiwa katikati ndiye mhusika mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kurudi shimoni, maana mafundi wanamdai.

Kuhusu vifaa vya uchawi msiniwekee maneno mdomoni. Fimbo ya kurusha moto mikononi mwa mtu wa ngazi ya kwanza inaunguza bila kumwomba ruhusa mwuza duka yeyote, na hapo tahadhari yenu ni halali. Toeni kimoja, kwa kujua, au msitoe. Lakini ni aibu kuichukua tahadhari ya fimbo ya moto na kuibandika kwenye gunia la sarafu. Vivyo hivyo kwa meza inayotaka mapigano matupu, ambayo wachezaji wake husinzia ukitaja mji: hao wapeni posho ndogo na muwarudishe ulingoni. Ni mchezo halali. Ila msiutungie sheria ya kuwafunga wengine wote.

Mtasema haya yote yanampa msimulizi kazi nyingi, kumtafutia kila sarafu mtu wa kuipokea. Si nyingi kama mnavyodhani. Andikeni majina ya watu watano wa mji ulio karibu: mbadilishaji fedha na kiasi anachoweza kubadili kwa wiki, mwenye ardhi ilimotoka hazina, kuhani anayetaka paa jipya, mtu anayedai hazina ilikuwa ya babu yake, na mlevi aliyewaona wakipita na punda. Mpeni kila mmoja anachokitaka kwa maneno matano. Ni kazi ya nusu saa, pungufu ya muda mnaoutumia kuchora shimo la nne lenye goblini walewale. Halafu ihesabuni hazina yote mbele ya wachezaji, hadi sarafu ya mwisho, na mmwache huyo mwenye babu agonge mlango mchana.